Kauli ya Rais Imefika Jikoni, Tuipokee

Ndugu mwananchi, leo nyumbani kwako mmepikia nini?

Mboga nawaachia wenyewe. Nauliza habari za moto: ni kuni, mkaa, gesi au umeme? Kwa miaka mingi swali hili lilikuwa la mama, la binti aliyetumwa kununua mkaa wa kopo, na la muuza genge aliyepanga mifuko yake kando ya barabara. Siku hizi linaulizwa na Mkuu wa Nchi.

Tarehe 8 Mei 2024, jijini Dar es Salaam, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake kuu ni fupi, hata mtoto analishika: ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati isiyojaza moshi ndani ya nyumba.

Tulianzia wapi? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2021/22 ulikuta asilimia 63.5 ya kaya zinapikia kuni na asilimia 26.2 zinapikia mkaa. Gesi ilikuwa asilimia 5.1 tu, na umeme asilimia 3. Ungepiga hodi katika nyumba kumi, karibu nyumba tisa zingekukaribisha na moshi.

Safari ni ndefu, na miaka imeshaanza kuhesabika. Ndiyo maana naandika.

Serikali inaweza kujenga bwawa, kutandaza nyaya, kupunguza bei ya mtungi kwa ruzuku na kuziagiza taasisi. Hayo yote yameshaanza. Lakini hakuna ofisa atakayetoka Dodoma kuja kuwasha jiko lako alfajiri. Barabara ina mkandarasi, daraja lina mkandarasi. Kauli hii ya Rais haina mkandarasi mwingine zaidi ya mimi na wewe.

Je, tunaiweza?

Kabla ya kujibu, tukumbushane kwa nini Mkuu wa Nchi aingie jikoni kwetu hata kidogo.

Serikali imekuwa ikitaja kwamba Watanzania wapatao 33,000 hufariki kila mwaka kwa maradhi yanayohusishwa na moshi wa kuni na mkaa. Uwanja wa Uhuru pale Temeke ukijaa hadi kwenye ngazi hauwatoshi. Na anayeumia kwanza ni yule anayekaa karibu na moto: mama anayepuliza, mtoto aliye mgongoni, bibi aliyepika tangu ujana wake kwenye mafiga matatu ndani ya chumba chenye dirisha dogo.

Tulizoea kusema macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa sababu ya uzee. Huko Kanda ya Ziwa wako vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalifanywa mekundu na moshi wa miaka mingi. Naliandika hili kwa uzito wote. Mama zetu walitulea kwenye moshi, na baadhi yao moshi huo huo ukaja kuwaponza. Tukiwaondolea moshi tutakuwa tumewalipa sehemu ndogo tu ya deni letu.

Kisha kuna misitu. Takwimu za Serikali zinasema nchi yetu hupoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Mkaa hauhusiki peke yake. Kuna kufungua mashamba, kuna moto wa msimu wa kiangazi, kuna mifugo. Lakini tanuri la kienyeji lina ulafi wake. Kupata kilo moja ya mkaa, linaweza kumeza kilo sita za kuni na zaidi. Gunia moja linalopanda kwenye lori usiku lilikuwa mti mzima ulioweza kushikilia udongo wa mlima.

Na pale msitu ulipo, ndipo maji yetu yanapoanzia. Unakumbuka mwishoni mwa Oktoba 2022 jijini Dar es Salaam? Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na uzalishaji wa maji ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300. Mgao ukatangazwa. Madumu ya njano yakapangwa foleni mitaani, na bei ya dumu moja ikapanda kila jioni. Siku zile zile, tarehe 1 na 2 Novemba 2022, katika jiji hilo hilo lenye kiu, Rais alikuwa akiongoza mjadala wa kwanza wa kitaifa kuhusu nishati safi ya kupikia, na hapo akaelekeza kiundwe kikosi kazi cha taifa.

Ruvu unaanzia kwenye safu za Uluguru, Morogoro. Sehemu ya mkaa unaouzwa Dar es Salaam hutoka mkoa huo huo. Kwa hiyo jiji linaletewa maji na mkaa kutoka upande mmoja wa nchi, na linapozidisha kimoja, kingine kinapungua.

Umeme nao uko katika duara hilo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na wazo lake ni la tangu enzi za Mwalimu mwenyewe. Maji yanayozungusha mitambo ile huletwa na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu. Vyanzo vya mito hiyo vimo milimani, kwenye misitu ya Udzungwa na kwingineko. Msitu hutupa maji, maji hutupa umeme. Sasa umeme ule tukiutumia kupikia, msitu unapumzika. Tukiacha kuutumia tukabaki na mkaa, tutakuwa tunakata miti inayolisha bwawa tulilolijenga kwa fedha zetu wenyewe.

Kwa hiyo Mkuu wa Nchi anapotaja jiko lako, anataja pia bomba lako la maji na taa yako ya sebuleni.

Sasa turudi kwenye swali: tunaiweza?

Mimi naamini tunaiweza, kwa sababu tumeshaweza mambo mazito kuliko haya tukiwa maskini zaidi. Wazee wetu wanakumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya kuuaga mwaka 1969, alipotangaza kwamba mwaka 1970 ungekuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule watu wazima wengi nchini hawakujua kusoma. Tangazo lilikuwa la Rais, lakini nani aliyafundisha madarasa? Mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kuchoka na watoto tangu asubuhi. Karani wa kata. Kijana wa darasa la saba akimfundisha baba yake herufi jioni, na baba akikubali kufundishwa na mwanawe.

Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Radio Tanzania ilirusha vipindi, na vijijini watu walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio moja. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka na kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani yanayofuga mbu, kuchemsha maji. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Hebu fikiria hilo katika nchi ambayo wakati ule haikuwa na simu ya mkononi hata moja. Kauli iliyotoka Ikulu ikapita redioni, ikatua chini ya mwembe, ikatoka pale ikiwa choo kilichochimbwa nyuma ya nyumba.

Mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali, kwa njia ile ile ya redio na vikundi. Hata habari hii ya misitu, basi, si ngeni kwetu. Wazazi wetu walikwisha kuijadili.

Na wala si lazima twende mbali hivyo. Desemba 2015, kipindupindu kilipokuwa kinatusumbua, Rais John Magufuli alisitisha sherehe za Uhuru na kuifanya tarehe 9 kuwa siku ya usafi. Yeye mwenyewe alionekana akizoa taka jirani na Ikulu. Nchi nzima ilitoka na mafagio na makoleo. Kisha tarehe 1 Juni 2019 ikaja marufuku ya mifuko ya plastiki. Ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia, wao tangu mwaka 2006, na Kenya walipiga marufuku yao tarehe 28 Agosti 2017. Wengi walidhani Kariakoo haiwezi kuishi bila rambo. Iliweza. Kinamama wakashona vifuko vya kitambaa, vikapu vya ukili vikarudi sokoni, na mnunuzi wa nyanya akajifunza kutoka nyumbani na kikapu chake. Ilichukua muda gani? Wiki chache tu.

Watu wa namna hiyo washindwe na jiko?

Najua jiko ni gumu kuliko mfuko, kwa sababu linagusa fedha na linagusa mazoea. Tuyaongee yote mawili bila kuoneana haya.

Fedha kwanza. Uzuri wa mkaa ni kwamba unauzwa kwa kipimo cha mfuko wa mnunuzi. Mwenye shilingi mia tano anapata, mwenye elfu moja anapata. Gesi inataka fedha za mkupuo, na mwisho wa mwezi mkupuo haupo. Hili ni tatizo la kweli, na mtu asimwite mwenzake mvivu wa mabadiliko kwa sababu hana fedha za mtungi.

Lakini chukua daftari la mtoto, andika nyuma yake. Kila unaponunua mkaa, andika. Kiberiti, andika. Mafuta ya taa ya kuwashia, andika. Fanya hivyo mwezi mmoja, kisha jumlisha mkiwa wote wawili, baba na mama. Nyumba nyingi za mjini zitashangaa, maana fedha zinazotoka mia tano mia tano hazionekani zikiondoka. Ukishaijua jumla hiyo, unaweza kuanza kuitenga kwenye kibubu, au mkakubaliana kwenye kikoba kwamba mzunguko huu kila mwanachama apate mtungi kwa zamu. Vikoba vimewapeleka watoto sekondari na vimenunua mabati. Mtungi wa kilo 6 hautavishinda. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi hiyo kwa bei ya ruzuku. Ulizia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kama mgao umefika kwenu, na ukiambiwa bado, rudi tena mwezi ujao.

Na kama umeme upo, usiuogope. Watu wengi wameukataa jikoni kwa sababu ya kumbukumbu ya jiko la koili linalokula uniti kama moto wa nyikani. Majiko ya umeme ya presha ya siku hizi ni mengine kabisa. Yanafunga mvuke ndani, yanajizima yenyewe, na sufuria la maharage linaiva kwa chini ya uniti moja. Makande, utumbo, makongoro, njegere kavu, vyote vile vinavyomaliza mkaa wa siku nzima ndivyo vinavyofaa kupelekwa huko. Chai, mayai na mboga za majani viachie gesi.

Hata kabla ya kununua chochote, yapo mambo yasiyogharimu hata senti. Loweka maharage tangu usiku. Funika sufuria. Kata kuni ndogo ndogo na uzikaushe vizuri. Mkaa ukibaki baada ya kupika, uzime uutumie kesho. Pika mahali penye hewa, na mtoto mchanga akae na mtu mwingine wakati moto unawaka. Kama unatumia mkaa, tafuta jiko banifu, na pale ulipo mkaa mbadala uliotengenezwa kwa mabaki, ujaribu. Hakuna atakayekuhukumu kwa kuwa na jiko la mkaa nje na mtungi ndani. Wengi ndivyo watakavyovuka.

Mazoea ndilo jambo la pili. Tunaambiana kwamba wali wa mkaa ni mtamu zaidi, kwamba ubwabwa bila kupaliwa makaa juu ya mfuniko si ubwabwa. Nakubali utamu huo upo, na siku ya sikukuu palieni makaa yenu mkafurahi. Naomba tu ule utamu wa sikukuu usiwe sababu ya mama kuvuta moshi siku 365.

Na hapa niseme na akina baba, kaka na wajomba zangu. Jiko la nyumbani ni la nani? Katika nyumba nyingi mama ndiye anayepika, lakini baba ndiye anayeamua fedha kubwa ziende wapi. Simu mpya inajadiliwa, redio ya gari inajadiliwa. Jiko halijadiliwi kwa sababu anayeamua haingii moshini. Ingia siku moja. Washa kuni mbichi za msimu wa masika, pika ugali wa watu wanane, kisha utoke nje tuzungumze habari ya mtungi. Nina hakika mazungumzo yatakuwa mafupi.

Usalama nao unawatia watu hofu, na hofu hiyo ina haki yake. Mtungi usimame wima, usilazwe. Ukae mahali penye hewa, mbali na moto na jua kali. Kagua mpira na sehemu ya kuunganishia kwa kupaka povu la sabuni. Yakitokea mapovu yanayovimba, gesi inavuja. Ukinusa gesi ndani ya nyumba, usiwashe kiberiti, wala usiwashe au kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini karibu na sakafu, kwa hiyo uipe muda itoke. Wafundishe haya watoto na dada wa kazi, maana wao ndio mara nyingi wako nyumbani peke yao.

Tutoke nyumbani sasa, twende kazini.

Wenye nyumba, nawaomba kwa heshima. Wako wapangaji wengi wenye nia njema ambao hawawezi kupikia umeme kwa sababu nyumba nzima ina LUKU moja, na mmoja akileta jiko la umeme wenzake wanalalamika kwamba anamaliza uniti. Ugomvi huo mnaujua kuliko mimi. Mkifunga mita ndogo kwa kila mpangaji, kila mtu atalipa anachotumia, na nanyi mtapumzika kuamua kesi kila Jumamosi. Kuta zenu pia zitaepukana na masizi.

Mama lishe, ninyi mnalisha mafundi, madereva, wanafunzi na makarani. Mnakaa mbele ya moto saa nyingi kuliko mtu yeyote katika taifa hili. Afya yenu ni mtaji kabla ya sufuria na mabenchi. Muungane wanne au watano wa kijiwe kimoja, mjadiliane na msambazaji wa gesi kuhusu mtungi mkubwa kwa bei ya pamoja. Nasi wateja tujifunze kumuunga mkono aliyebadilika.

Walimu wakuu, wakuu wa vyuo, wapishi wa hospitali na kambi: agizo la Serikali kwa taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku liliwataka muache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Wako waliotimiza, wako ambao bajeti haijawaruhusu. Jeshi la Magereza, linalolisha maelfu kila siku, limeingia makubaliano na REA kuachana na kuni. Mlio nyuma, wasilisheni mahitaji yenu mapema kwenye mipango ya halmashauri, na kamati za wazazi ziulize kwenye kila kikao: jiko la shule limefika wapi? Shule yenye ng'ombe au vyoo vingi iulizie bayogesi, maana malighafi inayo tayari.

Kijana wa bodaboda unayesafirisha mitungi, wewe ni kiungo muhimu kuliko unavyodhani. Nyumba iliyo mlimani itaacha mkaa ikiwa tu mtungi unafika mlimani. Funga mzigo vizuri, mtungi usimame, mteja mwelekeze namna ya kuufunga kabla hujaondoka.

Na wale wanaochoma mkaa? Hao nao ni ndugu zetu, wala wasisikike kama maadui katika jambo hili. Mtu hachomi mkaa kwa kupenda joto la tanuri. Anatafuta ada ya mtoto. Wilayani Kilosa vipo vijiji vilivyoonyesha njia nyingine: wamepima misitu yao, wakatenga maeneo ya kuhifadhi na maeneo machache ya kuvuna kwa zamu, mti uliokatwa ukaachwa uchipue tena, na sehemu ya mapato ikarudi kujenga huduma za kijiji. Mahali pengine watu wanafuga nyuki, na mfuga nyuki ni mlinzi wa msitu asiyehitaji mshahara wa Serikali. Maofisa misitu na viongozi wa vijiji, wasaidieni ndugu hawa kupata njia hizo kabla soko la mkaa halijapungua, ili mabadiliko yasimwache mtu mikono mitupu.

Kuna jambo moja la historia ningependa vijana walijue. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere akiwa Waziri Mkuu alitoa tamko mjini Arusha, mbele ya mkutano wa kimataifa wa uhifadhi. Hili si lile Azimio la Arusha la 1967. Katika tamko hilo alisema kwamba wanyamapori na makazi yao ni sehemu ya maliasili na riziki yetu ya baadaye, na kwamba tunapoilinda dhamana hiyo tunawalindia wajukuu. Akasema pia wazi kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu, watu waliofunzwa na fedha, na akaziomba nchi nyingine zisaidie. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa chini ya Mlima Kilimanjaro, kikaanza kuwafundisha Waafrika kazi ya kuhifadhi.

Mei 2024, siku chache baada ya kuzindua mkakati wetu, Rais Samia alikuwa Paris akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa dunia kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika. Zilipatikana ahadi za dola bilioni 2.2. Ni zaidi ya miaka sitini tangu tamko la 1961, na kauli inafanana: tutatunza, mtusaidie. Nasi tulitunza. Mwaka 2014 hesabu ya tembo ilipoonyesha wamebaki kama 43,000 kutoka zaidi ya 100,000 miaka mitano kabla, taifa lilishtuka, ulinzi ukaongezwa, vijiji vikatoa taarifa za majangili, na tembo wakaanza kuongezeka tena. Mwaka 2023 nchi ikapokea watalii zaidi ya milioni 1.8.

Dunia inaweza kusaidia kununua majiko. Haiwezi kuketi na familia yako kupanga matumizi.

Kwa hiyo naomba jambo dogo, ndugu yangu. Jumapili hii mkishakula, msiondoke mezani au mkekani haraka. Ulizaneni: mkaa wetu unagharimu kiasi gani kwa mwezi? Nani nyumbani kwetu anakohoa? Kati ya vyakula tunavyopika, kipi tunaweza kukihamishia gesi au umeme kwanza? Mwenye watoto wakubwa awape kazi ya kuandika. Mwenye wazazi kijijini ampigie mama simu amuulize anapikia nini, na kama una uwezo, zawadi yako ya mwaka huu kwake iwe jiko badala ya doti ya khanga, au iwe vyote viwili.

Mkiishi kwenye nyumba ya kupanga, ongeeni na wenzenu wa uani. Mkiwa na kikao cha mtaa, ombeni agenda hii iingie. Mvua zikianza, pandeni mti karibu na chanzo cha maji au ua la nyumba, mmwagilie hadi ushike.

Kati ya Watanzania 80 katika kila 100 wanaotakiwa mwaka 2034, naomba na watu wa nyumbani kwako wawemo. Anza na sufuria moja kabla mwezi huu haujaisha.